Loay Niliyemfuta

Ijumaa, 7 Mei 2004

Mama kala yamini leo. Mbele ya sahani za wali! Wallahi jina la Loay lisitajwe tena nyumba hii, na atakayelitaja amfuate huko huko aliko, Qantab. Kosa la kaka yangu: kamwoa Ibtihal, mtalaka mwenye watoto wawili, bila ya radhi ya Mama. Tumesikia kwa watu. Nani angekula tena? Wali umerudi jikoni kama ulivyotoka.

Alasiri nimewasha kompyuta, Mama akapita na kahawa yake. Kwenye kioo majina mawili ya kuingilia: langu, Mahfoudha, na Loay na ile picha yake ya mpira.

"Na humu yumo? Mtoe."

Mama, hii mashine tu.

"Mtoe!"

Nimemtoa. Mashine ikauliza, una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Roho imeniuma, lakini ningefanyaje na yeye kanisimamia kichwani?

Jumamosi, 8 Mei

Balaa! Nimewasha tu, yametokea maandishi katikati ya kioo: angalau huduma moja imeshindwa kuanza. Nikayafunga, nikadhani yatapita. Kumbe picha za harusi ya Nouf hazifunguki. Hata moja!

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi kumbi za wanawake. Wanavua abaya, wanacheza, wananiamini. Ndiyo maana Loay alinitilia programu ya kuzifunga picha, hata mashine ikiibiwa mtu asione kitu. Ilikuwa ikianza yenyewe kila nikiwasha, wala sikuwahi kuifikiria. Kadi za kamera nimeshazifuta, nimezitumia kwa harusi nyingine. Na Nouf anasafiri na mumewe Ijumaa.

Jumapili, 9 Mei

Nimempigia Sleyum wa duka la kompyuta Hamriya. Ilete, kasema. Siileti! Wake za watu wamo vichwa wazi. Kacheka, kisha kaona haya. Basi kanielekeza kwa simu, mpaka pale mashine inapoandika makosa yake. Misalaba myekundu juu mpaka chini. Nikamsomea: huduma imeshindwa kuanza, mtumiaji wake hajulikani.

Mtumiaji gani? kauliza.

Mama yuko sebuleni, mlango wazi. Nikanong'ona jina. Sleyum: nani? Sema kwa sauti! Ikabidi nimtajie herufi moja moja, kama mwizi.

Kumbe huduma, hizo programu zinazoanza zenyewe, nyingine huanza kwa jina la mtu. Hii ya kufunga picha ilikuwa ikianza kwa jina la Loay.

Jumatatu, 10 Mei

Nimemtengeneza Loay upya. Jina lile lile, neno la siri lile lile. Hata mpira nimemwekea! Nimezima, nimewasha. Maandishi yale yale.

Sleyum kasema mashine haimjui mtu kwa jina. Ina namba yake huko ndani. Ukishamfuta umemfuta, na huyu mpya ni mtu baki. Nimekaa nikalia, tena kwa kwikwi.

Jumanne, 11 Mei

Nimeiambia huduma ianze kwa jina langu. Imeanza! Nikapiga ukelele! Nikaenda mbio kwenye picha — huna ruhusa. Picha zangu mwenyewe, nilizopiga kwa mkono wangu.

Bi Wadha, mama yake Nouf, kapiga simu. Bibi yake Nouf, yule aliyeinuka kitini akacheza siku ile, kalazwa hospitali, hali si nzuri. Nouf anataka aondoke na picha za bibi yake. "Ziko tayari, mwanangu?" Nikamwambia nnazisafisha rangi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Mei

Nimempigia Loay. Ndani ya gari, vioo juu, jua linanichoma.

Nimemweleza yote ya mashine. Kauliza: "Umenifuta?"

Mama kasema.

"Najua."

Picha huenda zimekwenda, kasema, nisijipe moyo. Lazima akae mwenyewe mbele ya mashine, labda siku nzima, na huenda isifae kitu. Atakuja. Lakini Mama amwite. Yeye mwenyewe, kwa jina lake. Haingii nyumba ambayo jina lake ni haramu.

Wawili hawa ni jiwe kwa jiwe! Na mimi katikati nnasagika.

Alhamisi, 13 Mei

Baada ya chai nimemwambia Mama yote. Nouf, bibi yake, mashine, sharti la Loay. Jina nimelitaja, na anifukuze! Hakunifukuza. Kauliza tu, "Na yamini yangu?"

Yamini ina kafara, Mama. Unalisha masikini kumi.

"Kafara ya Mungu nnaijua. Na uso wangu mimi nitauweka wapi?"

Kaingia chumbani. Nikajua basi, imekwisha. Nikaanza kufikiri nimwambieje Bi Wadha.

Adhuhuri katoka na mswala bado begani. "Mpigie."

Nimepiga, nikampa mkono wa simu. Kaushika kwa mikono miwili. Namsikia Loay mpaka nilipo: aloo? Aloo, nani? Mama midomo inamcheza. Jina halitoki. Aloo? Kisha ikakatika.

Mama kaiweka vile vile sikioni, machozi yanamshuka. Nikamwambia, Mama, kakata.

"Najua," kasema. "Piga tena."

Nimepiga tena. Na tena. Hii ya nne, inalia huko, na Mama hajasema neno.