Kopo la Bizari Halikupungua Mwaka Huu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Jumanne ya Desemba ulipoketi barazani kufunga ndoana na usimalize ya tatu. Mama alikuta mbili juu ya meza, zimefungwa vizuri, na ya tatu mkononi mwako.

Anayeandika ni mimi, Nidia, binti yako. Ramiro amesema yeye ataandika mwakani. Unamjua mwanao.

Mtaa mzima hapa Tucson ulikujua kwa ngazi yako. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba ulikuwa juu ya mapaa ya watu ukitengeneza vipoza hewa, ukishuka shati limeganda chumvi mgongoni. Mjane wa nyumba ya kona hakuteseka na joto hata siku moja, nawe hukutaka kwake zaidi ya tamale mbili za mahindi na umbea kidogo. Lakini baridi ikiingia nani anataka kipoza hewa? Na ni baridi hiyo hiyo inayoleta lori la samaki, trauti wa kufugwa, kumwagwa kwenye ziwa la bustani. Ulikuwa ukisema Mungu alipanga ratiba ile akikufikiria wewe.

Kwenye chambo hukuwa na mchezo. Wiki ya kwanza baada ya lori, ulisema, ni donge la unga tu, kwa sababu samaki hawa wamelelewa kwenye matangi, wamezoea kutupiwa chakula na mkono wa mtu. Mdudu hata wakimwona hawamjui. Donge liwe kama punje ya njegere, liwe jepesi, lielee shibiri moja juu ya matope. Wiki ya pili wameshajifunza maisha, hapo ulikubali nyungunyungu. Na samaki wa kwanza wa siku ulimpasua tumbo pale pale ukingoni. "Tumuulize mwenyewe anakula nini," ulisema, na sisi watoto tuliinama kuangalia: kokoto, kipisi cha sigara, siku nyingine mbawa za mdudu. Ukishaona, ndipo ulipoamua chambo cha siku hiyo.

Jirani yetu Mzee Delbert alivua kwa nyungunyungu kuanzia siku ya kwanza, na hamkupatana kamwe.

"Eluterio, umewapikia tena? Leo umewaletea na vijiko?"

"Wewe walishe hiyo minyoo yako. Wangu wana adabu, wanakula chakula cha nyumbani."

"Mimi ninao watatu hapa. Wewe je?"

"Mmoja. Lakini huyu kasema ahsante."

Mama alikaa katikati yenu kwenye kiti chake cha kukunja, chupa ya kahawa miguuni, akicheka bila kuwatazama. Kila Jumamosi ya baridi, miaka ishirini na sita. Kicheko kile tumekitamani mwaka huu mzima, Baba, karibu sawa na tulivyotamani sauti yako.

Sasa nikuambie lililotokea siku ya mazishi yako, maana hukuwepo kulicheka.

Lile donge ulikuwa umeshalikanda kwa ajili ya msimu. Chupa moja tu, nyuma ya jokofu, ile chupa ya zamani ya jibini, likikomaa taratibu kama ulivyotaka. Watu walitoka makaburini wakajaa nyumbani. Dada yako, Shangazi Chayo, akaona wageni wana chapati za tortila mikononi na hakuna cha kupaka. Akafungua jokofu. Wakapaka. Wakasifu! Padri alipaka tena. Nilipoingia jikoni Shangazi alikuwa akiikomba chupa kwa kidole, akaniuliza, "Jibini hii marehemu aliinunua wapi?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliitazama ile chupa tupu, akavuta kiti, akakaa.

"Kwani ni nini?" Shangazi akasema. "Si jibini? Imeandikwa jibini!"

"Ni chambo, Chayo," Mama akasema. "Ni chambo chake cha mwisho."

Hukumwachia mtu namna ya kulitengeneza. Ulikuwa ukijifungia kwenye banda la vyombo na kutoka unanuka kitunguu saumu. Lori la kwanza likaja wiki ile ile, Mama hakwenda. La pili, hakwenda. Nikamletea unga wa chambo wa dukani, ule wa rangi ya waridi, akaurudisha mikononi mwangu. "Siendi kukaa pale na chambo cha watu. Nitajiona mgeni," alisema. Msimu wote ukapita, kiti chake kimeegemea ukuta kando ya chako. Mzee Delbert alileta samaki mara mbili. Mama alishukuru, akawagawa. Nilimkosa mama yangu naye yuko hapa hapa mezani, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Basi nikaanza kukanda. Unga wa mahindi, jibini ya njano, kitunguu saumu, hayo tuliyajua kwa pua. Na mwonjaji alikuwa mmoja tu duniani aliyekumbuka vizuri ladha yake, kwa kuwa ndiye aliyekula kuliko wote. Shangazi Chayo alikuja kila Jumapili baada ya misa akiwa na kijiko chake mwenyewe.

"Saumu imezidi."

Jumapili nyingine: "Hii zibia bomba."

Nyingine tena alifumba macho muda mrefu. "Karibu. Lakini ile ya kaka yangu ilikuwa na kitu mwishoni. Unameza, halafu kinarudi. Kitamu."

"Kitu gani, Shangazi?"

"Ningekijua ningelala! Mwaka huu nimekula chambo kuliko trauti yeyote wa Arizona, Nidia, na bado sikijui."

Alikuwa akitania, lakini machozi yalimlengalenga. Ile chupa ilimuuma kuliko sisi sote.

Majani ya kwanza ya baridi yakaanguka, na Mama akapanda kigoda kushusha kopo la bizari tamu kwa ajili ya biskuti za Krismasi. Unalikumbuka vema kopo hilo. Mama hulijaza kila Januari, na kila mwaka ikifika siku ya biskuti hukuta robo imebaki. Aligomba kwa ajili ya kopo hilo tangu nina akili zangu. Wa kulaumiwa alikuwa Ramiro, kwa sababu aliwahi kukutwa na mbegu mbili mfukoni akiwa na miaka saba.

Safari hii alilifungua, akaniita.

"Nidia. Njoo uone."

Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Januari alilijaza kwa mazoea, na mwaka mzima hapakuwa na wa kuchota.

"Mwizi alikuwa yeye," Mama akasema. Akacheka, kile kicheko chenyewe, Baba, halafu akalia ameshikilia lile kopo, nami nikamshikilia yeye. Ramiro alipoelezwa alisimama katikati ya jikoni na kupiga kelele: "Utoto wangu wote nimechapwa kwa ajili ya samaki?" Nadhani ulimsikia.

Tulisaga vijiko viwili, tukavikanda na donge. Shangazi aliitwa, siku ya kazi, akaja na aproni yake. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii, jamani. Nisamehe, kaka yangu."

Lori lilikuja Alhamisi iliyopita. Jumamosi Mama alivitoa viti vyote viwili. Chako tulikifungua mahali pake, mtu asikalie. Mzee Delbert alitukuta pale, akakitazama kiti, akavua kofia. Mama akafinyanga donge, kama njegere, akatupa ndoana.

"Bi Amparo," Mzee akasema, "umewapikia tena?"

"Wewe walishe hiyo minyoo yako, Delbert."

Alivuta mmoja kabla kahawa haijapoa. Akampasua tumbo pale ukingoni kwa kisu chako, na sote tukainama: kokoto tatu, na donge letu. Mama aliguna tu, akatupa tena. Jioni tulikula samaki mezani kwetu, wa kwanza tangu uondoke, na Mama aliomba kuongezewa.

Laiti ungekuwepo, Baba. Tulifurahi, na kila tulipofurahi tulitazama mlango.

Wanaokukumbuka ni mkeo Amparo. Wanao Nidia na Ramiro, aliyesafishwa jina. Dada yako Chayo, ambaye hataki jibini tena. Na jirani yako Delbert, mwenye minyoo. Hatujakusahau hata Jumamosi moja, wala hatutakusahau.

Kopo la bizari tumelirudisha pale pale juu. Mama ametukataza kukaza kifuniko, mwizi wake asije akahangaika.