Bibi Kazija na Goti Lililosingiziwa

Mwaka umekatika sasa tangu utuondokee, Bibi Kazija. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, 1998, hapa hapa nyumbani Sanyuanli, Guangzhou. Ulisali Alfajiri, ukateleka maji ya chai, ukasema unajinyoosha mgongo kidogo. Maji yakachemka mpaka birika likakauka, na hapo ndipo tulipojua kuna jambo, kwa sababu wewe si mtu wa kuacha chai iharibike. Daktari alisema ni moyo.

Familia imenikabidhi mimi, mjukuu wako Murshid, kalamu ya tangazo hili la kumbukumbu. Nakusikia ukisema, "Huyo? Huyo mpeni ufagio." Lakini ina sababu yake, nitaifikia.

Kwa wasiotujua: wewe ni mdogo wake Bi Safia, mama yake baba yangu, kwa hiyo ni bibi yangu na mtani wangu kwa haki zote. Uliniita mume wangu mbele za watu, na ukadai talaka kila nilipoacha masufuria bila kuyasugua. Hukujaliwa mtoto wa kumzaa. Watoto wa kuwalea hawakukupungukia.

Ulikuwa nesi miaka ishirini na miwili kule Cardiff, katika nchi ya Wales. Wenzako wakipata siku ya mapumziko walilala au walikwenda madukani. Wewe ulijaza chupa ya chai ya tangawizi, ukafunga chapati mbili kwenye kitambaa, ukapanda basi kwenda milimani. Peke yako, mwanamke wa Kizanzibari, mtandio ndani ya kofia ya koti la mvua. Ulituambia kwamba mwaka wa kwanza watu wa vijijini walikukodolea macho, mwaka wa pili wakakusalimu, na mwaka wa tatu wakaanza kukuuliza wewe njia.

Ulipohamia huku kwetu, ulikuja na buti zako na ramani ya Wales ukaibandika ukutani sebuleni, pale ambapo watu wengine wanatundika kalenda. Mwenye nyumba wetu alipokuja aliitazama sana, akauliza ni jimbo gani la China. Ukamjibu kwamba ni jimbo la mvua.

Tunakumbuka kazi yako hapa Guangzhou, ingawa hukuajiriwa na mtu. Mwanafunzi akishikwa na homa bwenini, unaitwa wewe. Mfanyabiashara mgeni akishindwa kueleza hospitali panapomuuma, unakwenda naye, unaonyesha kwa vidole mpaka daktari anaelewa. Siku ile kule Kangle, kwenye karakana za nguo, fundi mmoja alijichoma kidole kwa sindano ya cherehani. Baba alikuwa anasubiri mzigo wake wa magauni. Ukamfunga yule dada kidole taratibu, ukampangusa machozi, kisha ukamwambia Baba, "Gharib, leo hupati magauni. Huyu anapumzika." Na kweli hakuyapata mpaka kesho yake.

Kule Shiling kwenye maduka ya mikoba ndiko ulikokuwa kiboko. Wanunuzi wengine wanatazama rangi na zipu. Wewe ulitia ndani ya mkoba chupa yako ya chai na koti lako la mvua, ukautundika begani, ukazunguka duka zima kwa hatua za mtu anayepanda kilima. Laoban, yaani mwenye duka, anakodoa. Ukirudi unasema, "Huu mkanda utakatika kabla ya kufika ziwani." Ziwa gani, hakuna aliyejua. Lakini mikoba uliyoipitisha wewe haikurudishwa na mteja hata mmoja Dar es Salaam.

Sasa nifike kwenye milima yenyewe.

Mwezi wa saba mwaka 1996 ulikuwa umestaafu, na ulikuwa unafunga nyumba uje kuishi na Baba na Mama huku. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Zanzibar, ukanitumia tiketi niende nikusaidie kupakia masanduku. Masanduku tuliyapakia siku mbili. Siku zilizobaki ulinitembeza.

Ulianza kwa kunipeleka kwenye maporomoko ambayo mtu anapita nyuma ya maji. Mimi nilidhani ni hadithi zako. Ukanishika mkono, tukapita kwenye ukingo mwembamba wa jiwe, na maji yakawa mbele yetu kama pazia, mwanga unapenya ndani mweupe. Ulikuwa unanieleza kitu, nami sikusikia hata neno moja kwa kishindo. Nilikuona tu unacheka, maji yanakutiririka puani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwona mtu mzima mwenye furaha ya namna ile pasipo harusi.

Kisha ukaniambia kwamba umebakiza mlima mmoja tu. Ile milima mingine yote uliyoitaka ulishaikanyaga, na huu uliuweka wa mwisho makusudi, wa kuagia. Unaitwa Cader Idris. "Una jina la Kiislamu," ukasema, "kwa hiyo hata tukifia huko hatujapotea." Wiki mbili baadaye ungepanda ndege kuja China.

Tulianza asubuhi. Njia inapanda kwa vidato vya mawe katikati ya msitu wa mialoni iliyofunikwa ukoga wa kijani, na kijito kinaporomoka pembeni, poromoko juu ya poromoko. Kila geti la kondoo ulilofungua ulilifunga, ukalitikisa kuhakikisha. Kondoo uliwaamkia. Mimi nilikuwa na buti mpya na mdomo mrefu; nilikuuliza kama nikubebe, nikakuuliza kama mliwahi kupanda pamoja na Nabii Nuhu. Ukasema, "Tunza pumzi, mume wangu. Utaihitaji."

Tukatokea kwenye ziwa. Llyn Cau wanaliita. Ni ziwa jeusi lililokaa ndani ya bakuli la majabali, kimya mpaka unasikia masikio yako mwenyewe. Ulitia udhu kwa maji yale ya barafu bila kukunja uso, ukatandaza koti la mvua, ukasali Adhuhuri. Nilikufuata nyuma huku meno yanagongana. Ukanipa chai na chapati. Nafikiri sijawahi kukupenda kama saa ile, na wala sikusema, maana mimi nikifungua mdomo hutoka mzaha.

Juu ya ziwa njia inafuata ukingo wa jabali. Ukungu ukashuka. Tukaendelea, wewe mbele. Halafu ukungu ukapasuka mahali pamoja tu, upande wangu wa kulia, nikaliona lile ziwa chini ya mguu wangu. Si mbali mbele yangu, bali chini, kama unavyoona ndoo ukiwa juu ya paa. Nilikaa kitako, nikashika nyasi kwa mikono miwili, nikafumba macho. Mdomo wote ule, Bibi, haukutoa hata neno.

Ukarudi ukachuchumaa mbele yangu. Hukunicheka. "Umeshikwa na kizunguzungu tu," ukasema, "hata madaktari huwashika."

"Siwezi, Bibi."

"Mbele au nyuma?"

"Popote."

Wakati huo ukungu uliinuka na kilele kikaonekana, na ile nguzo yake ya mawe juu. Palibaki kama nusu saa. Ulikitazama mara moja, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Kisha ukasema, "Haya, tazama buti zangu. Usitazame kitu kingine," ukanigeuza tulikotoka, ukaanza kushuka kinyumenyume mbele yangu ili macho yangu yasione zaidi ya viatu vyako. Uliyemfanyia hivyo alikuwa analia, na sehemu kubwa ya njia alishuka kwa makalio. Suruali yake ilipasuka. Ulimshonea usiku ule bila kuulizwa.

Asubuhi yake ulimpigia simu Baba huku Guangzhou kutoka nyumba ya wageni. Nilisimama karibu. Nikamsikia anauliza, "Mama Mdogo, mlifika kileleni?" Ukanitazama. Ukasema, "Ah, goti, mwanangu. Goti lilinigomea."

Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza peke yake kungekuwa kosa dogo. Uliponipa simu nikasema, "Baba, nusura nimbebe mgongoni." Baba akacheka sana. Basi kichekesho kikazaliwa.

Kilitangulia kufika Guangzhou kuliko wewe. Mimi nilipokuja kukufuata nilikiongezea mikono na miguu: nilikuiga unavyoshuka, nilikuiga unavyoguna, watu wakashika mbavu. Wewe ulicheka kuliko wote. Tena ukanisaidia. Ukikumbuka ulichechemea, mguu wa kushoto leo, wa kulia kesho, na hakuna aliyegundua ila mimi.

Lakini goti lile halikuishia kwenye kicheko. Baba, kwa mapenzi, alikukataza milima. Ulipotaka kwenda mlima Baiyun asubuhi na wazee wa Kichina, alisema, "Mama Mdogo, na hilo goti?" Ukavua buti. Mwaka jana mwezi wa nne Ernest, kijana wetu wa Bukoba anayesomea uhandisi hapa, alikodi basi tukaenda wote kwenye maporomoko ya Conghua, kaskazini ya mji. Baba alikuwekea kiti kivulini kule chini, akakukabidhi masufuria ya pilau. Sisi tukapanda. Watoto walipanda. Mjomba mmoja mwenye kitambi cha miezi tisa alipanda. Wewe, uliyepita nyuma ya maji Wales, ulibaki unafukuza nzi.

Niliposhuka wa kwanza ulikuwa peke yako.

"Yana kishindo?" ukauliza.

"Kidogo."

"Mtu anaweza kupita nyuma yake?"

"Hapana. Bibi, leo nawaambia."

Ukaanza kupakua. "Ukiwaambia leo pilau litapoa. Utawaambia siku utakayoweza kupanda mlima tena." Ukanitilia nyama kubwa kuliko za wengine, nami nikaila.

Mlima sikupanda tena, na sikusema. Mwezi wa kumi na moja tukakuzika. Pale makaburini mtu mmoja mwema alifuta machozi akasema, "Maskini, na goti lake," na wote wakatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaendelea kufukia.

Wiki mbili zilizopita Baba alikaa sebuleni kunisomea maneno ya tangazo hili, mimi naandika.

"Weka hapo," akasema, "alipenda milima mpaka goti lilipomshinda."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Vipi, wino umekwisha?"

"Goti halikumshinda, Baba."

"Nini kilimshinda, basi?"

"Mimi."

Nikamweleza yote, kuanzia nyasi mpaka suruali. Mama alitoka jikoni, mkono bado una unga, akasikiliza amesimama.

"Kwa hiyo," Baba akasema polepole, "pale Conghua nilimkalisha na masufuria mtu mwenye miguu yake."

"Na mimi nilikuwa namkanda mafuta ya karafuu kila Ijumaa," Mama akasema.

"Goti lipi?"

Mama akafikiri. "Lile alilonyoosha."

Hapo tulicheka, Bibi, kicheko cha kwanza tangu uondoke ambacho hakikutuumiza. Kisha Baba akatoka nje kwenye roshani, akasimama huko ametupa mgongo, mabega yanatikisika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaisogeza karatasi upande wangu. "Andika wewe," akasema. "Na uweke jina lako."

Kwa hiyo naandika, mbele ya wote waliokufahamu. Mwezi wa saba mwaka 1996, kwenye mlima Cader Idris, Bi Kazija binti Pandu, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alikuwa mzima wa magoti, mzima wa pumzi, na nusu saa tu kabla ya kilele alichokingoja miaka ishirini. Aliyeshindwa ni kijana wa miaka kumi na tisa mwenye buti mpya. Yeye alikiacha kilele ili kijana yule ashuke salama, kisha akaacha na sifa yake ili asichekwe, kisha akaacha na milima mingine yote ili uongo usigunduliwe. Na katika kuacha huko kote hakuwahi kumtazama kijana kwa jicho baya, hata siku ile alipoleta ripoti mbovu ya darasa la Kichina.

Hitma itasomwa Ijumaa hii baada ya Alasiri, nyumbani kwetu. Ndugu zetu Wakristo, njooni kama mlivyokuja mwaka jana, pilau ni la wote. Na yeyote ambaye bado anacho kile kichekesho cha goti, aje akirudishe. Mwenyewe ni mimi.

Unakumbukwa na dada yako Bi Safia, Zanzibar. Mwanao Gharib na mkewe Dalila. Wajukuu zako Maulida na Murshid. Ernest na wanafunzi wote uliowashikia paji la uso. Na fundi mmoja wa Kangle ambaye bado anatuuliza habari zako.

Mungu akulaze pema, Bibi. Siku zote tutakukumbuka, wewe na magoti yako yote mawili.