Mashine Inayogonga Mkia Mara Mbili

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa halionekani kabisa, ni weupe mtupu. Nimerudi Ujiji nimelowa, nina hasira, na nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Nilijua. Tangu wiki tatu zilizopita nilijua kuna kitu.

Mtu haletewi glavu nyeupe bure. Wala kamera haifungwi juu ya meza ya mchambua samaki kwa sababu meneja ameipenda mikono yake. Ghalani kwetu tuko wanawake wanane, tunachambua migebuka wakavu, samaki wa ziwa letu, kabla hawajafungwa kwenye maboksi ya kusafirishwa. Meza nane, kamera moja, na hiyo moja ikafungwa juu yangu. Nilipouliza, meneja alisema ni mambo ya ubora tu. Nikaitikia. Moyoni nikasema, ubora gani huo unaonikodolea macho kutwa nzima?

Leo jibu limeshushwa kwenye lori. Ni mkono wa chuma, umefungwa kwenye meza yake, na umekuja na fundi wa kuuwasha kutoka Dar.

Tulisimama kuutazama. Uliokota mgebuka, ukamgeuza tumbo juu, kisha ukamgonga mkia kwenye ukingo wa meza. Mara mbili. Ndipo ukamweka kwenye boksi.

Wenzangu waliangua kicheko. Zuhura, wa meza ya jirani, alipiga makofi akasema, "Jamani, si ni wewe huyo!" Mimi sikucheka, kwa sababu siyo mimi. Kugonga mara mbili ni kwa Mama Jenerose.

Mama Jenerose ndiye aliyenifundisha hii kazi. Familia yake ilitoka Burundi yeye akiwa mdogo, na amechambua samaki tangu mimi sijazaliwa. Siku hizi macho yamemchoka, lakini kazi yetu haitaki macho sana. Mgebuka aliyekauka vizuri ukimgonga analia kama kijiti. Mwenye unyevu ndani anatoa sauti nzito, na huyo akiingia kwenye boksi anaoza na kuwaozesha wenzake. Nilikaa naye miezi kadhaa ndipo nikaanza kuisikia tofauti.

Aliutazama ule mkono mpaka ukazimwa. "Mana yanje," alisema taratibu. Mungu wangu. Kisha akanigeukia mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi.

Mimi ninayemshuku kila mtu, leo nimeshukiwa kwamba nimeuza alichonifundisha.

Fundi hakuwa na habari. Alinijia na daftari lake. "Dada, huku kugonga ni kwa ajili ya nini? Kamera imeona, ila hatujaelewa."

Kumbe walichukua picha tu, sauti hawakuchukua!

"Nakung'uta chumvi tu, kaka," nikamjibu.

Akaandika. Mama Jenerose akainama akajifanya anafunga kanga upya, lakini nilimwona anabana kicheko.

Raha yangu iliishia saa nane mchana. Meneja alituita wote akasema kuanzia Jumatatu wachambuaji saba watapumzika nyumbani mpaka watakapoitwa. Mpaka watakapoitwa! Nani asiyeijua lugha hiyo? Mmoja atabaki, akae kando ya mashine aiangalie. Akanitaja mimi.

Niandike ukweli hapa, maana mbele ya wenzangu sikuusema. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Sikumtazama Mama Jenerose wala Zuhura. Niliogopa tu kurudi nyumbani bila kazi, nikasema ndiyo, na tena nikashukuru.

Mama Jenerose alinisubiri getini kwenye mvua. Nilijua atanitukana, na nilikuwa tayari. Badala yake alinishika mkono.

"Mwanangu, kaa hapo, ule. Ila ile sauti usiwape. Wakishaijua, na wewe watakurudisha nyumbani."

Nikashika njia ya nyumbani na mvua ile ile.

Sasa nimekaa na chai yangu imepoa. Nikinyamaza, maboksi yataoza, na wa kwanza kuulizwa atakuwa yule aliyewekwa pale kuangalia. Nikimtoa samaki mmoja tu, fundi atataka kujua nimemjuaje. Kinasa sauti ni kitu cha kununua, hakiwashindi. Na alichonipa Mama Jenerose kwa miezi ile yote, mashine itakipata kwa siku moja.

Jumatatu meza saba zitakuwa tupu. Ule mkono utamwokota mgebuka wa kwanza, utamgeuza, utamgonga mara mbili kama Mama Jenerose, na wa kusikia ghala zima nitakuwa mimi peke yangu.

Ikija sauti nzito, nitafanya nini?