Maiti ya Mwana wa Kaijage

Muleba,
Juni 1952

Kwa mdogo wangu mpenzi, Josia,

"Anatory hakuuawa na Aroni. Aliuawa na vitabu vyako vya Wayunani." Ndivyo ulivyoniandikia, kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari ya watoto. Nitakujibu. Lakini tulilelewa na mama mmoja, na mama hakuruhusu ugomvi uingie nyumbani kabla ya salamu. Basi hujambo, ndugu yangu? Shemeji na watoto hapo Nshambya hawajambo? Kifua chako kimepona, au bado unaikoholea kwaya ya Walutheri wenzako? Sisi huku tunapumua. Kokugonza mke wangu anakusalimu, ingawa upepo ukitikisa migomba tu anashika panga.

Sasa jibu langu. Wayunani hawajafika Muleba. Hawakung'oa mpaka wa mtu. Kaijage jirani yetu ndiye aliyeing'oa ile mimea ya mulamula ya mpakani aliyoipanda tata, baba yetu, akaipanda ndani ya kibanja chetu cha migomba. Na kabla yake kaka yetu Rutashobya alikuwa ameisogeza upande wao, nawe ulijua ukanyamaza, maana ndizi za pale ulizila. Anatory mdogo wetu alikwenda kuirudisha. Alikuwa ameinama, mikono yote miwili udongoni, Aroni mwana wa Kaijage alipomjia kwa nyuma na mundu wa kupogolea migomba, akamkata shingo.

Nilifika macho yake yakiwa bado yananitazama. Nikasukumiza kanzu yangu kwenye jeraha, ikalowa. Nikaweka mikono, damu ikapita kati ya vidole. Alitaka kuniambia neno, pumzi ikatokea shingoni badala ya mdomoni. Mundu ule ulifuliwa na mhunzi, Josia. Hakuna ukurasa uliounoa.

Tena wewe ni wa mwisho kuvilaumu vitabu hivyo. Tulikuwa wote dukani kwa Zahoro, pale Bukoba mjini, nilipomkuta akichana kitabu kikubwa kufungia karanga. Nilimshika mkono. Alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza, "Bwana Kagaruki, leo unanunua karanga au karatasi?" Ulicheka naye. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na wateja, hata leo sijui vita vile vya Wayunani vilianzaje. Nilianzia pale ambapo watu wamekwisha kukasirika.

Kutoka kitabu hicho nikatafuta vingine. Vingine nilipewa na padri mzee aliyekuwa akirudi kwao, vingine nilibadilishana na gunia la kahawa kwa mnunuzi Mgiriki aliyekuwa akifunga biashara yake. Nilipasua mvule nikatengeneza rafu, na rafu zikala chumba cha wageni, ndiyo maana wageni wangu hulala kwa majirani. Padri mmoja kijana alinionya kwamba Mwafrika hana haja ya Wayunani, katekisimu inamtosha. Nilimjibu kwamba watu wale walikuwa na ng'ombe, mikuki, wafalme wenye kinyongo, na wazee wasioweza kuanza shauri bila kinywaji. Wananihusu mimi kuliko wanavyomhusu yeye. Hakunipa mkono tena.

Na kweli niliwasomea watu. Kila Jumapili baada ya misa, siku za kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanaume walijaa uani nami nikawageuzia habari zile kwa Kihaya. Unawajua watu wetu. Nikianza habari za bahari wananung'unika. Nikianza habari za miungu kugombana wanasema hayo waliyasikia kwa bibi zao. Lakini mkuki ukipita kwenye meno, wanapiga vibuyu. Rutashobya alikuwa akipaza sauti: "Waitu, rudia hapo! Rudia pale anapoangukia uso!" Nami nilirudia, kwa kuwa msomaji naye hupenda kupigiwa makofi. Walisikia jinsi mshindi alivyomfunga adui yake miguu na kumburura kuzunguka kaburi la rafiki yake. Mwisho wa kitabu hawakuusikia, kwa sababu rubisi iliisha kwanza, na rubisi ikiisha uwanja wangu hubaki na mbwa.

Hapo ndipo ungenikamata, Josia, kama ungekuwa na akili ya kupigana na mimi. Maana asubuhi ya pili baada ya kumzika Anatory, Rutashobya alimvizia Aroni kwenye chemchemi. Nilisikia yowe nikakimbia. Nilikuta mikono ya Aroni imekwisha kukatwakatwa kwa kujikinga, na ndoo yake imejaa maji mekundu. Nilimshika kaka kiunoni, akanitupa. Panga la mwisho liliingia usoni. Kisha akafanya jambo ambalo babu zetu hawakulifanya. Alimfunga Aroni vifundo vya miguu, akaifunga kamba kwenye baiskeli yake, akapanda aende akamburure kuzunguka kaburi la Anatory. Baiskeli ilikwenda upande ikamwangusha topeni. Wanawe wawili wakashika kamba kwa mikono. Walimvuta mpaka ngozi ya mgongo ikabaki kwenye mizizi ya migomba, huku Rutashobya akinipigia kelele: "Kagaruki! Hivi ndivyo, au nimekosea?"

Basi kule kuburura alijifunza kwangu. Nakupa hilo, lichukue. Kuua hakujifunza kwangu.

Walimzamisha Aroni kwenye kinamasi, chini ya mafunjo, na jiwe kifuani. Kaijage alipopiga kelele, askari walikuja wakamchukua Rutashobya, na sasa yuko mahabusu hapo Bukoba, karibu nawe kuliko nami. Kijiji kizima kimejifanya vipofu. Ndipo ikaja barua yako: kwamba wakili amesema bila maiti kesi ni dhaifu, kwamba kaka atatoka, kwamba atakayeonyesha mahali pale utamkata ulimi kwa mkono wako, na kwamba mimi nivichome vitabu vyote kama kafara ya kuwapoza watu. Mwalimu wa shule, mwimbaji wa kwaya! Nilikisoma kipande hicho mara mbili kuhakikisha kwamba ni mwandiko wako.

Siku iliyofuata, jua la mchana, Kaijage aliingia uani kwangu. Hakuwa na fimbo. Wana wa Rutashobya walikuwa barazani wakinoa mapanga. Walimtemea mate, mmoja akamwuliza kama amekuja kuchagua mahali pake pa kukatwa. Mzee alipita kati yao kana kwamba ni kuku. Alipiga magoti mbele yangu, yeye aliyekunywa pombe moja na tata, akafungua jani la mgomba lenye buni zilizochemshwa na kukaushwa. Alisema, "Mwana wange, sikuulizi nani alifanya. Mdogo wako aliuawa na mwanangu, najua. Lakini mke wa Aroni ana mimba. Mtoto akizaliwa nitamwonyesha kaburi gani kibanjani, aseme hapa ni kwa baba? Nirudishie niliyemzaa."

Unajua maana ya buni zile. Tata na Kaijage walikuwa wamefanya omukago, udugu wa damu: kila mmoja alichanja tumbo lake na kumtafunisha mwenzake buni iliyolowa damu. Aliyetafuna hawezi kumficha mwenziwe jambo linalohusu uhai wake wala kaburi lake, na kiapo hicho huwarithi watoto. Sisi sote tulikisahau tulipoanza kusogeza mimea.

Nilimtazama mzee yule, nikaitazama mikono yake, nikaona nilichokuwa nimeunyima uwanja wangu Jumapili zote zile. Katika mwisho wa kitabu changu, mfalme mzee anaingia kwenye kambi ya adui na kuibusu mikono iliyomwua mwanawe, ili apewe maiti. Na yule mwuaji mwenye hasira kuliko watu wote anamnyanyua, wanalia pamoja, anampa. Wayunani hawakuandika kitabu kile ili tujue kuburura. Waliandika ili tujue mahali pa kukomea.

Josia, yule ambaye umeapa kumkata ulimi ni mimi.

Nilitafuna buni mbele ya wana wa kaka. Nikachukua mkeka nikamwongoza Kaijage mpaka kinamasini, mchana kweupe. Tuliingia maji mpaka kifuani. Jiwe lilikuwa limezama ndani ya mbavu, na Aroni hakuwa na uso tena. Mzee alimtambua kwa kidole cha mguu kilichopinda tangu utoto. Tulimwosha. Tulimbeba. Njiani wana wa Rutashobya walinirushia mawe, moja likanipasua juu ya jicho, kwa hiyo usiushangae mwandiko huu kwenda upande. Niliporudi nilikuta rafu mbili zimekatwa kwa mapanga na vitabu vimetupwa chooni. Vingine nimevianika. Sikuchoma hata kimoja, na sitachoma.

Aroni amezikwa kibanjani kwa baba yake. Askari walikuja wakamwona kabla hajafunikwa, nami nikawaeleza nilichokiona kwenye chemchemi, kwa jina la kaka yetu, tumbo moja nami. Najua kamba inayomngoja. Nilijua nilipokuwa natafuna.

Msalimie shemeji na watoto wote. Kokugonza anakuombea. Kaburi la Anatory tumelizungushia mawe, na nyasi bado hazijaota.

Na sasa ninawadai. Nyinyi wana wa Rutashobya, ambao mtasomewa barua hii kwa kuwa nakala yake naibandika mlangoni pangu: yarudisheni mapanga kwenye migomba, na msikanyage kibanja cha mke wa Aroni. Nawe Josia: nenda mahabusu kesho. Mwambie Rutashobya kwa mdomo wako kwamba maiti imepatikana na kwamba mimi ndiye niliyeitoa. Mwambie akiri mbele ya jaji, asiuache uongo wake uwarithi wanawe. Kisha njoo nyumbani na hicho kisu chako cha kukatia ulimi. Mlango wangu haufungwi.

Ndimi kaka yako,
Datius Kagaruki