Umekufa Kabla ya Kusikia Moteri ya Ngoy

Mama Ramazani,

Salamu sikuletei. Ulipokuwa muzima ulikuwa ukinipita sokoni kama gogo la kufungia mutumbwi, leo ndiyo nianze kukuuliza hali? Hali yako naijua. Umelala. Mimi niko huku juu na hasira zangu, sina muntu wa kumumwagia, kwa hiyo nimechukua karatasi.

Nianze na linaloniuma. Umekufa kwa makusudi. Watu wanasema presha. Mimi nakujua tangu hatujazaa, wewe hukuwa muntu wa kushindwa na presha. Ulijua mutoto wangu Ngoy anakaribia kuiwasha ile moteri. Ulijua siku ikinguruma utakosa pa kuficha uso wako katika kartie, mutaa huu wote, ukaona heri ukajifiche kaburini. Uoga huo! Nakuambia wazi kwa sababu sasa huwezi kunijibu, na hilo nalo linaniuma.

Maandishi yangu uyavumilie. Masista walinifundisha mpaka darasa la sita, kisha baba akaona inatosha, niende kuuza samaki. Lakini wewe hukufika hata hapo, basi usicheke. Mwambie huyo jirani yako wa sasa akusomee.

Unakumbuka lile kasha liliposhuka bandarini? Yule tajiri wa ng'ombe wa Pepa alikuwa amejiletea gari ya mbio kutoka Kigoma, nyekundu, imeinama chini kama paka anayewinda. Kalemie yote ilicheka: itakimbilia wapi, bandarini hadi stesheni na kurudi? Gari ile ilikuwa na kompresere, mashini ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri ili moto uwe mukali. Mwenyewe akaikimbiza akisahau kuitia maji. Moteri ya chuma ikapasuka. Akaagiza nyingine, mupya, nzima nzima, ikaja ndani ya kasha la mbao, yote ya alumini, inang'aa kama meno ya bibi harusi. Na kati ya mafundi wote wa muji huu akamuchagua nani? Ngoy. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mama yake. Nasema kwa kuwa ni kweli, na mimi ni mama yake.

Tulipofungua kasha uani kwangu ulikuja kwenye ua wetu wa matete, ulio kati ya nyumba zetu, unatafuna karanga. Ukachungulia, ukaita wanawake wote wa njia ile: "Alumini? Mama Ngoy, hii si moteri, ni sufuria! Ikikataa kutembea utapikia ndagala!" Wakacheka mpaka beseni zikawaanguka kichwani. Mimi nikakujibu: "Afadhali mimi mutoto wangu anafunga moteri. Wako anachonga vyuma kutwa kama panya kwenye kabati." Ramazani wako alisikia, yuko pale nyuma ya nyumba na mashini yake ya kuchongea. Akatabasamu tu. Mutoto yule amelelewa vizuri, sijui na nani.

Kazi ikaendelea. Ngoy alikata vyuma vya zamani vilivyobeba moteri, akaunga vingine kwa moto, maana hii mupya ilikuwa na umbo lake. Alipoishusha ndani, gari ikainua pua kama ng'ombe anayenusa mvua, kwa jinsi alumini ilivyo nyepesi. Akabadilisha springi, ikatulia. Mimi nilikuwa nikitangaza kila hatua. Nilimuambia hata padri kwenye kuungama, akasema, "Mama, hiyo si dhambi, endelea na zile nyingine."

Halafu ikaja ile bulo, bolti moja tu. Mafundi wetu wa Kalemie wamejifunzia kwenye malori, wewe unajua. Wanachomeka tiyo, bomba refu la chuma, kwenye ufunguo, wanakaza mpaka chuma kilie. Chuma kikilia, basi, imetosha. Ngoy akakaza vilevile, akingoja ilie. Alumini hailii. Inanyamaza, inanyamaza, kisha inaachia kama ugali wa muhogo. Uzi wote wa ndani ya tundu, ile mizunguko inayoshika bulo, ukatoka umejiviringisha. Na lilikuwa tundu la kushikilia kompresere! Bila hilo, gari ni kiti cha kukalia.

Sijui nani alikuletea habari. Nilipofika sokoni ulikuwa umeshasimama juu ya kigoda chako: "Kumbe sufuria imetoboka!" Nikakuambia mbele ya watu wote, na leo narudia: mutoto wangu hakushindwa na moteri, moteri ndiyo ilishindwa na mukono wake. Huo mukono nimeulisha mimi.

Lakini ndani nilikuwa naungua. Tajiri alisema binti yake anaolewa, na kama gari haitembei kabla ya harusi ataipakia kwenye treni iende Lubumbashi, "kwa mafundi wa kweli". Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Gari ikipanda treni, jina la Ngoy linapanda nayo, halirudi.

Dawa ilijulikana. Kabomba kadogo ka chuma, kenye uzi ndani na uzi nje, tundu lipanuliwe, kaingizwe mule, bulo ishike chuma badala ya alumini. Kakizidi kipimo hata kwa unene wa unywele, bloki inapasuka. Mukono wa kuchonga kitu kama hicho hapa Kalemie ni mumoja, wa Ramazani. Watoto wetu wamekulia sahani moja, Ngoy akaja kwako bila wasiwasi. Ukamuzuia mulangoni. "Ngoy, wewe ni mutoto wangu, sina neno na wewe. Mama yako njo akuje. Avue viatu hapa, akae kwenye mukeka wangu, aseme kwa mudomo wake: mutoto wangu ameshindwa. Ndipo mutapata."

Nilikurudishia jibu na huyo huyo Ngoy: "Mwambie siku nitakayovua viatu mulangoni pake, ziwa litakuwa limekauka, watu wanaenda Kigoma kwa miguu."

Na wewe ukafanya nini? Ukafa. Asubuhi, unajifunga kilemba cha kwenda sokoni. Ninyi Waislamu hamucheleweshi, ukazikwa siku ile ile kabla sijamaliza hasira yangu. Nani angepika kwenye matanga yako? Dada zako wako ng'ambo, na mabinti wa siku hizi wanaunguza hata maji. Nikabeba sufuria zangu nikaja. Kufika mulangoni, miguu yenyewe ikavua viatu. Ni desturi, haingii muntu kwenye mukeka wa matanga na viatu. Nikaviacha katikati ya viatu vya wanawake wote. Nikakaa kwenye mukeka wako. Sikufikiri kitu. Nilikuwa nalia, kama unataka kujua.

Ramazani akaja, macho mekundu. Akachuchumaa mbele yangu, akaniwekea kitu mukononi, kimefungwa kitambaa. Kabomba. Uzi ndani, uzi nje, kamepakwa mafuta. Akasema polepole: "Mama Ngoy, yeye mwenyewe aliniambia nikachonge, siku ile ile Ngoy alipokuja. Akanikataza nisikupe mpaka uvue viatu."

Mama Ramazani! Nilitaka kwenda kukufukua nikupige. Kalikuwepo! Kalikaa ndani ya nyumba yako kamekwisha, na wewe unanitazama nikipita nikitukana, unatafuna karanga zako. Wewe ni muntu wa namna gani? Ungenipigia hata mbinja!

Mutoto wako hakuondoka. Amekutii mpaka mwisho, yule. Akanikumbusha: "Alisema kuna na neno la kusema." Wanawake wote wananitazama. Nikamuambia: "Neno lipo, baba. Muchele unaungua." Nikainuka nikaenda jikoni. Umesikia? Viatu umepata. Mukeka umepata. Neno hukupata na hutapata. Kule jikoni walisema ninalia. Ulikuwa moshi.

Tajiri alituma watu wake kupiga kelele getini kwangu. Niliwaambia hapa kuna musiba, mukeka bado uko chini, hakuna atakayewasha moteri kwenye kartie hii. Mimi! Nilimuzuia mutoto wangu kwa ajili yako, huku harusi inakaribia. Haya, sema tena kwamba mimi ni muntu wa majivuno.

Mukeka ulipoinuliwa, Ramazani alikuja kupanua lile tundu kwa mukono wake, akaingiza kabomba, kakakaa kana kwamba kalizaliwa mule. Ngoy akakaza na ule ufunguo unaotoa sauti nguvu ikitosha. Yeye wa tiyo za malori, alikaza kama anamufungia mutoto muchanga kifungo cha shati. Kisha akawasha. Ikakohoa. Ikakohoa tena, nikashika rozari. Halafu ikashika! Ngurumo chini, na juu yake ule mbinja wa kompresere, mwembamba, unapanda. Mbuzi walikimbia mpaka njia ya Katanika. Watu walipiga makofi, mimi nilicheza mpaka kitenge kikafunguka. Nikageukia kwenye ua, mudomo wazi. Maneno nilikuwa nimeyatengeneza muda murefu, matamu: "Mama Ramazani, leta ndagala zako, sufuria imechemka!"

Palikuwa tu na kitambaa chako cha jikoni, kwenye kamba. Maneno yale bado ninayo. Hivi unaona ubaya ulionifanyia?

Harusi imepita. Gari ilibeba bibi harusi, na tajiri anasema kila mahali "Ngoy, Ngoy". Ngoy alimuambia walikuwa wawili, lakini sikio la tajiri linabeba jina moja tu. Ramazani hasemi, unamujua. Na muntu wa kumusemea yuko chini ya udongo. Sokoni, nafasi yako imechukuliwa na mama mumoja wa sabuni. Nikijisifu anasema "ndiyo, mama". Kila kitu, ndiyo, mama. Nimechoka naye kama uji bila chumvi.

Juzi walikuwa wananiuliza tena habari za gari. Nimesimama, nimeanza kama kawaida, Ngoy wangu hivi, Ngoy wangu vile. Kisha nikasikia mudomo wangu unasema: "Na kile kinachoshikilia yote mule ndani ni mukono wa Ramazani, mutoto wa marehemu, na hakuna mwingine wa kukifanya toka hapa mpaka Lubumbashi." Watu wakanitazama: "Mama Ngoy, unaumwa?"

Siumwi. Lala basi, mukorofi wewe. Mungu wako na wangu wakae pamoja wakutafutie mahali pazuri, pasipo na majirani. Mimi nakuahidi hili: nikiwa bado na meno, mutoto wako hatakosa mama wa kumupigia kelele sokoni. Nitajisifu kwa mudomo wangu na kwa wako. Ngoy atatangulia, usijidanganye. Lakini nyuma yake, karibu mpaka amukanyage kisigino, atakuwa Ramazani.

Na kama hupendi mupango huo, amuka unitukane.

Mama Ngoy, wa upande wa pili wa ua