Ofisini Hawajui Kwamba Umekufa

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha korido, nje ya ofisi ya misaada ya masomo, hapa chuoni Louisville. Naandikia juu ya goti, mwandiko wenyewe hutautambua. Hii ni mara ya nne nafika mlango huu. Mara tatu nimegeuka. Mara ya kwanza nilijidanganya kwamba foleni ni ndefu, na foleni ilikuwa ya mtu mmoja.

Naogopa, Baba. Nisikufiche. Naogopa kuliko siku ya usaili wa kuja Marekani, maana siku ile ulikuwa mbele yangu na mimi nilikuwa nimeshika shati lako kwa nyuma.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mama yupo Buffalo, mzima, amerudi kiwandani. Jirani anampakia kwenye gari lake asubuhi. Koti lako la kazi bado linaning'inia nyuma ya mlango na hakuna anayeligusa. Matanga tuliyaondoa vizuri, ila kwa soda badala ya pombe, kwa sababu mchungaji alikuwepo tangu asubuhi na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Ungecheka. Mimi nilikaa mpaka siku hiyo ya mwisho kama inavyompasa mtoto wa kwanza, sikutoka hata kwenda dukani.

Kabla ya kukaa matanga nilimpigia msimamizi wa ghala ninakofanya kazi wikendi. Nilimwambia kiongozi wa kwaya. Nilimwambia hata fundi cherehani wa South End aliyekuwa na gauni langu. Chuo sikukiambia neno. Nilinyamaza tu, nikaacha kuingia darasani, na ujumbe walionitumia kwenye simu sikuufungua.

Wewe ndiye uliyenifundisha, na sikulaumu.

Bibi alipofariki kambini, bado tukiwa wakimbizi, nilikuwa na miaka minane. Ulitukusanya ndani, ukavuta mlango wa bati, ukasema kwa sauti ya chini: "Kifo ni cha nyumbani. Ofisini hatupeleki." Kwa sababu ofisi ikijua, jina linakatwa kwenye kadi ya posho, na unga wa Bibi, maharage yake na mafuta yake yanaondoka naye. Tulimzika alfajiri, Mama amejiziba mdomo kwa kitenge. Miezi mitatu tulikula posho ya Bibi. Kila siku ya mgao karani aliuliza mbona bibi haonekani, nawe ulijibu kwamba mgonjwa amelala. Mimi nilisimama pembeni yako na kopo la mafuta, nikiamini karani anausoma uso wangu. Tukirudi ulikuwa unatuambia: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi nikakua mwoga mzuri, mtoto wa baba yake.

Bahasha ilikuja kwa Shangazi Odeta, kwa kuwa ndiko ninakoishi. Aliona nembo ya chuo na neno la serikali, akaificha chini ya kopo la sukari siku tano kabla ya kunipa. Kijana wake alitusomea kwa Kiingereza huku anatafuna mkate. Ilisema hivi: kwa kuwa niliacha masomo bila kuaga, wamehesabu kwamba niliondoka katikati ya muhula. Msaada wa serikali unalipia siku alizosoma mtu. Siku zilizobaki sikuzisoma, kwa hiyo fedha zake chuo kinazirudisha serikalini, na mimi ndiye nitakayedaiwa na chuo. Mpaka hapo siruhusiwi kuandikishwa muhula ujao. Kama nina maelezo, niyalete kabla ya leo jioni.

Shangazi alikaa chini. Aliniambia kwamba anayedaiwa na serikali hapewi uraia, na kwamba labda watamgeukia hata Mama kule Buffalo. Sijui nani kamwambia. Lakini neno likishaingia nyumbani kwetu halitoki, unatujua. Tangu siku hiyo gari la posta likisimama nje, mimi naingia bafuni.

Nilimpigia Wanjiru. Unamkumbuka, yule Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza, sasa yupo Gahanna na anafanya kazi ofisi ya ada ya chuo kimoja cha Columbus. Ndiye aliyekuja kituoni Columbus na chupa ya chai nilipobadili basi kuja kukuona hospitali. Nilimsomea barua yote na yeye hakushtuka hata kidogo. Alinieleza kwamba mtu akipotea kimya wanamhesabia nusu ya muhula, kwa sababu hawana tarehe ya kushika. Lakini mtu akionyesha kwamba alifanya kazi ya darasa baada ya asilimia sitini ya muhula kupita, msaada wote unakuwa wake, hakirudishwi kitu.

"Nadia, wewe ulifanya kitu ya class last lini?" aliniuliza. "Fikiria vizuri. Si siku uliondoka. Siku ya mwisho ulifanya kitu."

Na mimi nikakukumbuka wewe, ukanijia mzima mzima.

Ilikuwa wiki ya kumi kati ya kumi na tano za muhula. Ulikuwa kitandani hospitali, na mipira puani. Maumivu ya kifua ulikuwa umetuficha mwaka mzima ili wasikupunguzie saa kiwandani, na mficha maradhi kifo humuumbua, ila siku ile tulikuwa bado hatujui. Uliniuliza, "Mama, kazi ya shule umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Ukanyoosha mkono: "Lete nione." Ndipo nikafungua jaribio la biolojia kwenye simu, maswali ishirini kuhusu mimea, nikawa nakutafsiria moja moja. Swali la saba liliuliza maji yanapandaje kwenye shina. Ulibishana nalo. Ulisema umelima mihogo tangu utoto na hao waliotunga swali hawajawahi kushika jembe. Nikaandika jibu lako ili upumzike. Ukauliza, "Imefika?" Nikasema imefika, kabla sijaona, maana mtandao wa hospitali ulikuwa unakatika. Ukalala. Siku ya tatu yake ukaondoka.

Kwa hiyo hata hilo lilinitisha. Je, kama halikufika? Nimekaa na hofu hiyo wiki nzima, ninashika simu na kuiweka. Leo asubuhi kwenye basi nimefumba jicho moja nikafungua. Lipo, Baba. Lina siku na saa. Tumepata kumi na tisa kati ya ishirini. Tumekosa la saba.

Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti, halafu nikalia.

Ungedhani sasa hofu imeisha. Bado. Wanjiru alinionya: "Hao watu wana roho safi, lakini watakuuliza tu, mbona ulipotea? Utawaambia nini?" Nikamuaga, nikakata simu. Kwa sababu kuna jambo jingine ambalo hata yeye sijamwambia. Niliporudi kutoka mazishini nilijaza fomu ya msaada wa mwaka ujao. Waliuliza habari za wazazi wangu. Niliandika wawili. Niliandika kiwanda chako, na mkono haukusita. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa tena yule mtoto mwenye kopo la mafuta, nawajibu kwamba mgonjwa amelala.

Nikiingia humo inabidi nitoe cheti chako cha kifo na niseme kwamba fomu ile si ya kweli. Labda wataniita mwongo. Labda watanifukuza, na Mama atasikia kwamba binti aliyefika chuo amerudi ghalani moja kwa moja. Na juu ya yote hayo, naogopa kwamba nikishasema, karani atachukua kalamu na kukukata. Umebaki mahali pamoja tu duniani ambapo bado unaenda kazini.

Lakini nimekuwa nikimfikiria Bibi. Hatukumlilia. Miezi mitatu tulikula unga wake bila sauti, na posho ilipokatwa hatimaye, kilio kilikuwa kimeshakauka. Mpaka leo Mama akimtaja anashusha sauti, kama karani yupo nje. Sitaki wewe tukutaje hivyo.

Mlango umefunguliwa sasa hivi. Mwanamke mwenye miwani amesoma jina langu kwenye karatasi na kulikosea, kama wote. Nimeinua mkono. Hawezi kunisubiri sana.

Baba, kwaheri. Lala, safari hii lala kweli. Nakuahidi nitarudi darasani kama mlango ukibaki wazi, na ukifungwa nitabisha mwingine. Mama sitamwacha. Posho yako sitaila.

Neno hili naliandika hapa kwanza ili mdomo ulizoee: baba yangu amefariki.

Nadia wako