Kilima cha Mabira

Jumamosi, jioni

Kumbe na yeye anasukuma!

Mwezi mzima nimemdanganya Mama Rahma, rafiki yangu mwenye duka la vitenge pale Rubwera, kwamba kilima cha Mabira nakipanda bila kushuka kwenye baiskeli. Naye ananiambia hivyo hivyo. Tumejiandikisha pamoja kwenye ile safari ya baiskeli ya kilomita mia moja, nami nimekuwa nikiwaza aibu ya kuachwa nyuma mbele za watu.

Leo nilikwenda mazoezini peke yangu. Kwenye kona ya pili nikashuka, nikaanza kusukuma kama kawaida. Mbele kidogo nikamkuta amekaa kwenye majani, viatu amevua, baiskeli imelala kando.

"Mwalimu! Unasukuma?"

"Na wewe si ulisema uko dukani?"

Alicheka hadi mtandio ukamdondoka. Mzee mmoja akawa anapita na ng'ombe wake, tukamwamkia.

"Marahaba. Poleni, wanangu," akasema. "Hata hawa hupumzika hapo."

Tumekubaliana kwamba siku yenyewe tutashuka hapo sote wawili, tusukume pamoja. Anayetaka kucheka acheke.

Goti la kushoto bado linanitia wasiwasi, na kilomita mia moja ni nyingi kwa mtu wa miaka hamsini. Sijui kama...

Lakini leo nimekula ndizi sahani mbili. Wiki nzima chakula kilikuwa hakipiti.